Keki ya rangi tano kwa sikukuu: namna ya kuioka juu ya sigiri, kila mtu na bakuli lake

Wengi wakiona keki ya rangi rangi hudhani ni kazi ya fundi mwenye oveni kubwa na mashine za kila aina. Kwa sisi tunaooka kwa makaa, mambo ni kinyume. Keki inayosumbua kwenye sufuria ni ile nene ya rangi moja: chini imeungua, juu inacheza kama uji, ukichoma kijiti katikati kinatoka na unga mbichi. Tabaka jembamba, la unene wa kidole, linaiva kabla chini hakujapata muda wa kuungua. Ukishakubali kuoka matabaka matano membamba badala ya bonge moja, kulitia kila moja rangi yake ni kazi ya dakika mbili tu.

Halafu kuna faida nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa. Matabaka matano ni mabakuli matano, na mabakuli matano ni watu watano wenye kazi. Mtoto wa miaka sita anakoroga bakuli la njano, kaka yake ana la kijani, shangazi analinda moto, bibi anaamua lipi liingie kwanza. Keki ya kununua inaliwa ikaisha. Hii watu wataizungumza mpaka sikukuu ijayo, hasa yule ambaye tabaka lake lilipinda.

Inafaa kwa Idd, Krismasi, Mwaka Mpya au Pasaka. Ukiitaka ya Uhuru wetu wa Uganda, tarehe 9 Oktoba, bendera yetu ina milia sita: nyeusi, njano, nyekundu, kisha zinarudia kwa mpangilio uleule. Gawa mchanganyiko mara sita badala ya tano, uoke matabaka mawili ya kila rangi, na keki ikikatwa milia inajitokeza yenyewe. Korongo wa katikati ya bendera mwache apumzike, kumchora kwa aisingi ni mtihani mwingine.

Vitu vya kuandaa

Kwa sufuria ya kuokea yenye upana wa inchi 8, yaani sentimita 20:

- mayai 8
- majarini au siagi gramu 400
- sukari gramu 400
- unga wa ngano mweupe gramu 400
- beking pauda vijiko 3 vya chai, vya kusawazisha
- chumvi robo kijiko cha chai
- maziwa au maji ya rangi, kijiko kikubwa kimoja na nusu kwa kila bakuli
- vanila

Kama huna mizani, sukari hiyo ni vikombe 2, na unga ni vikombe 3 na robo, kikombe kikiwa cha mililita 250. Majarini ya kopo la gramu 500, toa moja ya tano uweke kando, itakufaa kwenye aisingi. Unga wa atta tunaopikia chapati uache, keki yake inakuwa nzito.

Juu ya beking pauda: mapishi mengi yameandikwa na watu wa nchi za chini. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na keki inaumuka haraka mno kisha inabonyea katikati. Vijiko 3 nilivyoandika ni vya Kampala, Jinja na Mbale mjini. Ukiwa Kabale au Kisoro weka viwili na nusu, na uongeze kijiko kikubwa kimoja cha maziwa katika kila bakuli.

Vanila tunayo wenyewe, inalimwa Mukono, Bundibugyo na Kasese, na huvunwa misimu miwili kwa mwaka, katikati ya mwaka na mwishoni. Ukipata ganda moja zuri, jeusi, laini, lenye mafuta, lipasue, kwangua zile mbegu uzitie kwenye majarini, halafu ganda lenyewe lizike ndani ya kopo la sukari. Baada ya wiki mbili sukari yote inanukia, na utaendelea kujazia kopo kwa miezi. Ya kichupa pia inafaa, ila soma lebo, nyingine ni harufu tu.

Rangi

Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo tukae kidogo.

Rangi za shambani zina tabia. Manjano ni rahisi kuliko zote: robo kijiko cha chai kwenye bakuli moja inatosha, ukizidisha utakula mchuzi. Badala ya maziwa tia maji ya pasheni yaliyochujwa, uchachu wake unaipenda manjano. Isichokipenda ni magadi. Umewahi kuona doa la manjano kwenye kanzu likigeuka jekundu sabuni ilipoligusa? Ndivyo itakavyokuwa keki yako ukitumia magadi ya kuokea badala ya beking pauda.

Kahawia iliyokolea, ambayo mezani tunaiita nyeusi, ni kakao. Tia vijiko vikubwa 2 na upunguze unga kiasi hichohicho. Tunayo nyumbani pia, Bundibugyo ndiko inakolimwa kwa wingi.

Kijani ni dodo, yaani mchicha, au spinachi. Chukua majani kiganja kimoja bila mashina, yachovye katika maji yanayochemka kwa dakika moja, yatoe, yasage na maziwa kidogo sana, uchuje kwa kitambaa. Tumia kijiko kimoja na nusu. Vanila inafunika ladha yake kabisa. Usitie ndimu kwenye bakuli hili, maana asidi na moto hugeuza kijani cha majani kuwa rangi ya zeituni.

Nyeupe ni mchanganyiko wenyewe na maziwa. Haitakuwa nyeupe ya theluji, kwa sababu ya majarini na kiini cha yai. Mayai ya kienyeji yana kiini cha njano iliyoiva, ya kuku wa kisasa mara nyingi ni mepesi zaidi, basi kwa keki hii nunua ya kisasa na yale ya kienyeji uyakaange asubuhi. Ni kwa sababu hiyohiyo sipendekezi tabaka la bluu. Bluu ikikutana na njano ya mayai inakuwa kijani cha ajabu na mtoto aliyechagua bluu atalia. Bluu iweke kwenye aisingi.

Nyekundu ndiyo yenye hila. Kuna bitiruti moja kubwa, chemsha na nusu kikombe cha maji kwa dakika 10, kamua, rudisha maji yale motoni mpaka yabaki vijiko viwili, kisha tia matone ya ndimu. Bakulini itang'aa mpaka watu waite majirani. Ikitoka motoni imefifia, ni waridi iliyoelekea kahawia, kwa kuwa rangi ya bitiruti haivumilii joto la muda mrefu. Ndimu inasaidia, lakini haifanyi miujiza. Nyumba yenye watoto wanaotaka nyekundu ya kweli, nunua rangi ya chakula kwa tabaka hili moja, wala usione haya.

Rosela, ile ambayo wengine tunaiita karkade, inadanganya watu kwa chai yake nyekundu. Ndani ya mchanganyiko wa mayai na beking pauda inageuka kijivu. Itunze kwa ajili ya aisingi, huko inabaki waridi nzuri.

Za dukani ziko za aina mbili. Ya majimaji ya kichupa ni nafuu, ila ukitaka ikolee unamimina hadi mchanganyiko unakuwa chapachapa. Ya jeli ni ghali kidogo, lakini ncha ya kijiti cha meno inatosha bakuli zima. Kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala, utapata zote mbili. Hakikisha kichupa kimeandikwa kuwa ni cha chakula na tarehe yake haijapita. Rangi ya unga inayopimwa kwa kijiko sokoni, ile ya kutia ukili wa mikeka, si ya kuliwa hata kama muuzaji ni jamaa yako.

Kupiga mchanganyiko

Toa majarini mahali pa baridi mapema ilainike bila kuyeyuka. Ipige na sukari kwa mwiko mpaka igeuke nyeupe na chembe za sukari zisisikike sana. Kwa mkono ni dakika 15 au zaidi, ndiyo kazi ya vijana wenye nguvu, wapokezane. Tia mayai moja moja, kila moja lichanganyike kabla ya lingine kuingia. Ukiona inakatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, usihangaike, unga utairudisha.

Sasa zingatia hili, maana keki yote imesimama hapa. Usitie unga.

Una sufuria moja na matabaka matano, kila tabaka dakika 20 hivi, pamoja na kubadilisha makaa ni saa mbili. Beking pauda inaanza kufanya kazi inapolowa. Ukichanganya kila kitu kwa pamoja, bakuli la tano litakuwa limechoka likiingia motoni, na tabaka lake litatoka bapa na gumu. Kwa hiyo chekecha unga, beking pauda na chumvi mara mbili, gawa mkavu mafungu matano sawa, kila fungu gramu 80, uweke kwenye vikombe. La kakao punguza vile vijiko 2 nilivyotaja. Mchanganyiko wa majarini na mayai nao ugawe kwenye mabakuli matano. Kila mtu anatia rangi yake na kufunika. Zamu ya bakuli ikikaribia, moto ukiwa tayari, hapo ndipo mwenyewe anamwaga kikombe chake cha unga na kukoroga polepole mpaka usionekane, basi. Akikoroga kama anasonga posho, yaani ugali, keki inakuwa mpira.

Wenye oveni ya umeme mnaweza kuchanganya mabakuli mawili kwa wakati mmoja na kuoka matabaka mawili mawili kwa nyuzi 180, dakika 15 hadi 18. Lakini wekeni sigiri karibu. Umeme una kawaida ya kukatika mchana wa mkesha.

Sigiri

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa, ambayo sufuria ya kuokea itaingia na vidole viwili vipite pande zote. Mafundi wa Katwe, Kampala, hutengeneza za alumini za saizi yoyote ukiwapelekea kipimo. Tandika mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita 3, na juu yake vijiwe vitatu vya kubeba sufuria ya kuokea.

Makaa yawake vizuri nje, mahali penye hewa. Usiokee ndani ya chumba kilichofungwa hata kama mvua inanyesha, hewa ya makaa inaua bila harufu. Weka sufuria kubwa juu ya sigiri yenye makaa machache yaliyokwisha kuwa mekundu, kisha panga makaa mengine juu ya mfuniko. Juu yazidi chini, karibu mara mbili. Acha ipate moto dakika 15.

Kupima joto, weka kipande cha karatasi nyeupe ndani, funika, hesabu dakika 5. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, uko sawa. Ikiwa nyeusi, punguza makaa ya chini. Ikibaki nyeupe, ongeza ya juu.

Paka sufuria ya kuokea mafuta, weka karatasi chini yake, mimina bakuli la kwanza, sawazisha kwa mgongo wa kijiko. Na bakuli la kwanza liwe la kakao. Moto wa mwanzo haujatulia, na tabaka jeusi linaficha kuungua kidogo. Nyeupe na waridi ziingie katikati, moto ukiwa umepoa na kuwa wa adabu. Usifunue kabla ya dakika 12, kila ukifunua unatupa joto. Baada ya hapo gusa katikati kwa kidole: ikirudi, imeiva. Toa, iache dakika 5, geuza juu ya ungo uliotandikwa kitambaa safi. Ongeza makaa mawili matatu juu ya mfuniko, ita mwenye bakuli linalofuata.

Mnaofunga kabla ya Idd mna tatizo lenu: mwezi. Huwezi kujua kama sikukuu ni kesho au keshokutwa. Oka matabaka siku ya 28 ya Ramadhani, yakipoa kabisa yafunge moja moja, yatakaa laini siku mbili tatu mahali pasipo na jua. Tangazo la mwezi likitoka, kinachobaki ni kupanga na kupaka, kazi ya saa moja wakati pilau inaiva.

Kupanga na kupaka

Tabaka lililovimba katikati likate kwa kisu kirefu liwe bapa. Mabaki ni ya watoto, hilo halina mjadala.

Katikati ya matabaka napendelea jamu ya nanasi kuliko aisingi, kwa sababu ya joto na kwa sababu sukari ikizidi watu wanaacha vipande nusu. Nanasi moja la wastani, la Kayunga au Luweero ukipata, likune, lipike na sukari gramu 150 mpaka ukipitisha mwiko njia yake inabaki wazi. Lazima ipoe kabisa. Vijiko viwili vikubwa kila tabaka vinatosha, na usifike ukingoni, uzito wa juu utaisukuma yenyewe.

Rangi zipangwe vipi? Zisizofanana zikae jirani. Kakao chini, kisha njano, kijani, nyeupe, nyekundu juu. Nyeupe ikiwa jirani na njano zote mbili zinafifia.

Kwa nje: majarini gramu 200 ipigwe na sukari ya aisingi gramu 400 na kijiko cha maziwa. Siagi ina ladha nzuri zaidi, lakini Desemba ya Kampala ni kiangazi, na keki ya siagi mezani uani itakuwa imeanza kuteleza kabla wageni hawajamaliza kunawa. Paka kwanza safu nyembamba ya kukamata makombo, iache nusu saa kwenye ubaridi, ndipo upake ya pili. Wapo wanaoacha pembeni wazi ili rangi zionekane. Mimi nafunika yote kwa rangi moja, nyeupe au waridi ya rosela, ili wageni wasijue kitu mpaka kisu kipite.

Ukiipeleka kijijini

Familia nyingi za mjini Krismasi hazibaki mjini. Keki iliyokwisha kupakwa haifiki Arua wala Mbarara salama, iwe kwa basi au kwa gari la jamaa. Safiri na matabaka, kila moja limefungwa kaveera safi, yaani mfuko wa plastiki, na karatasi katikati, yote ndani ya sufuria yenye mfuniko, sufuria juu ya mapaja. Si kwenye buti, si chini ya kuku. Jamu iwe kwenye kopo, sukari ya aisingi kwenye pakiti yake. Majarini utainunua senta ya karibu. Ukifika, wape waliokuwa kijijini kazi ya kupaka, nao wawe na mkono wao humo. La sivyo itabaki kuwa keki ya watu wa Kampala, na mjomba atasema hivyo kwa sauti.

Kukata

Usikate pembetatu. Kwenye sherehe zetu keki hukatwa vipande vidogo vya mraba vikapitishwa kwenye sinia, na ndivyo inavyofaa hapa. Chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, kata mikato iliyonyooka toka ukingo hadi ukingo, upana wa inchi moja, kisha kata kukingamana. Keki ya inchi 8 inatoa vipande karibu 40, na kila kimoja kimesimama na rangi zake zote tano. Kipande cha kwanza apewe mkubwa wa nyumba kwa mikono miwili. Anayefuata kwetu ni mtoto mdogo kuliko wote, maana akisubiri foleni ataanguka chini kulia.

Kuna swali ambalo halikosekani: "Rangi yangu iko wapi?" Ndiyo maana ni vizuri kuandika kwenye daftari la jikoni nani alichukua rangi gani mwaka huu. Mwaka ujao zibadilishane, na aliyekuwa na kakao, ambaye tabaka lake haliwezi kuharibika, apewe nyekundu.

Vilivyobaki vifunike na uvile ndani ya siku mbili. Vikikauka, vivunje ndani ya kikombe cha chai ya maziwa ya asubuhi. Chai itakuwa na rangi ambayo huwezi kuitaja, lakini inanyweka.